Mwongozo kamili: kuseti tangi dogo la samaki wanaoishi kwenye makombe ya konokono, wasikufie wiki ya pili

Swali ninaloulizwa ni moja tu, linabadilishwa maneno. Maji yalikuwa mang'avu unaona hadi ukuta wa nyuma, samaki walikuwa wanakula vizuri tu, alafu siku ya nane mmoja kalala ubavu, siku ya tisa wawili, siku ya kumi na mbili tangi tupu. Nikiuliza maji yalikaa siku ngapi kabla samaki hawajaingia naambiwa moja, au mbili, au "si nilinunua vyote siku moja". Hapo nishajua.

Kwa hiyo nimeona niandike mwanzo mwisho, hatua kwa hatua, maana vifaa watu wanavyo, kinachowaangusha ni mpangilio. Ukifuata mpangilio hawa samaki ni wagumu kuliko wanavyosemwa.

Tunaongelea siklidi (jamii moja na sato na perege) wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi, kulala na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Mfano wangu ni Neolamprologus multifasciatus, wafugaji wanawaita multi tu. Dume ana sentimita 4 hivi akikomaa, jike 3, yani ni kati ya siklidi wadogo kabisa duniani. Na nitasema makombe, sio magamba, maana samaki mwenyewe ana magamba yake, tusichanganyane.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa maji

- Tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, hilo ni lita 54. Eneo la chini ndo muhimu, hawa wanaishi sakafuni, tangi jembamba la kwenda juu halikusaidii kitu
- Mfuniko
- Mchanga laini, kilo 15 hivi
- Makombe 20 au zaidi
- Filta ya sponji, pampu ya hewa, mpira wake, na valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi kwenye pampu
- Hita ya wati 50, na themomita ya pembeni kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye hita huwa inadanganya
- Dawa ya kuondoa klorini
- Vipimo vya matone: amonia, nitraiti, nitreti, pH (kipimo cha asidi na alkali) na ugumu wa maji (KH ni ugumu wa kaboneti unaoshikilia pH isianguke, GH ni ugumu wa jumla)
- Amonia ya maji isiyo na manukato wala sabuni, kazi yake utaiona hatua ya 5. Itikise chupa, povu likikaa juu bila kuondoka ujue ina sabuni, achana nayo
- Ndoo mbili ambazo hazijawahi kuona sabuni, na mpira wa kunyonyea maji

Ukibanwa na bajeti punguza taa, punguza mapambo, nunua tangi lililotumika. Vipimo usipunguze. Bila vipimo unafuga kwa kubahatisha.

## Hatua ya 1: Mahali pa kuweka

Tangi hili likishajaa linakaribia kilo 75, kwa hiyo meza ya kuyumba hapana. Liwe mbali na dirisha lenye jua, jua linaleta mwani wa kijani na kupandisha joto mchana. Waya wote wa umeme uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yakitiririka kwenye waya yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye soketi.

## Hatua ya 2: Makombe, na hapa usikimbie

Kule ziwani wanatumia makombe ya konokono anayeitwa Neothauma tanganyicense. Wewe tumia lolote linalofanana kwa umbo: mdomo wa sentimita 2 hadi 2.5, ndani laini, mzunguko mpana wa kutosha samaki kuingia na kugeuka. Makombe ya konokono wa kuliwa, Helix pomatia, yanafaa sana. Kauri za baharini hazifai, mdomo wake ni ufa mwembamba. Ya baharini yenye ncha ndefu inayobana huko ndani nayo acha, samaki anaweza kuingia akanasa. Yaliyopakwa rangi au vanishi ni marufuku kabisa.

Hesabu yake ni makombe matatu kwa kila samaki. Yakiwa machache watapigania nyumba, na anayeshindwa utamkuta kajibanza kona ya juu ya tangi na mapezi yamechanika.

Yachemshe dakika 20, mwaga maji, chemsha tena. Sababu ni nyama. Konokono akifa kipande cha mwisho cha mwili wake kinabaki kule kwenye ncha, hukioni, na kikianza kuoza ndani ya tangi kinatoa amonia mfululizo. Mimi mara ya kwanza nilichemsha dakika tano nikajiona nimemaliza, wiki moja baadae nafungua mfuniko harufu ikanirudisha nyuma, nikatoa makombe yote moja moja nikinusa kama mtu anachagua tikiti, na ni kombe moja tu lilikuwa limeharibu lita 54.

Kwa hiyo ukishachemsha pulizia maji kwa nguvu ndani, tikisa, yaanike siku mbili, kisha nusa kila moja. Mdomo wenye makali usugue na msasa.

Ukifanya sawa: kombe kavu halina harufu yoyote, na ukilitikisa sikioni husikii kitu kinacheza ndani.

## Hatua ya 3: Mchanga

Weka kina cha sentimita 5 hadi 7. Watu wanaweka sentimita 2 kwa sababu inapendeza machoni, alafu wanashangaa samaki hawatulii. Hawa ni wachimbaji. Wanabeba mchanga mdomoni, wanautema pembeni, wanachimbua makombe na kuyashusha hadi yakae wanavyotaka, na bila kina hawana kazi. Kokoto nazo hazifai kwa sababu hiyo hiyo, samaki wa sentimita 3 atabebaje kokoto.

Osha mchanga kwenye ndoo hadi maji yatoke mang'avu, na utaosha mara nyingi kuliko ulivyopanga. Unataka kujua kama mchanga wako una chokaa? Dondoshea siki kidogo, ukitoa mapovu una chokaa. Kwa samaki wengine wengi hiyo ni kasoro, kwa hawa ni faida, tutaona mbele kidogo.

Kama unataka jiwe, liweke kwenye kioo cha chini kwanza ndo umwage mchanga. Jiwe likikaa juu ya mchanga watalichimba chini yake na siku moja litaegemea kioo.

Alafu panga makombe. Usiyatawanye kama vifungo vya shati, yarundike upande mmoja yakaribiane, mengine mdomo juu mengine ubavu, uyasukume nusu yaingie mchangani. Wakiingia watapangua kila kitu, usijisumbue sana na urembo.

## Hatua ya 4: Maji, filta na hita

Weka sahani juu ya mchanga, mimina maji juu ya sahani taratibu ili usichimbe shimo. Tia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha lita zote. Makombe yenye hewa yataelea, yashike chini ya maji mdomo juu uyazungushe hadi mapovu yaishe.

Filta ya sponji iwe upande wa pili na makombe. Nachagua sponji sio filta ya mota kwa sababu ya watoto: wakitoka wana milimita chache tu na filta inayovuta kwa nguvu itawameza. Hita usiiwashe kabla haijazama, na ikizama ipe dakika 15 ndo uchomeke umeme. Joto nyuzi 25 hadi 26.

Sasa pima pH na ugumu. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alkali, kwa hiyo unalenga pH ya 8 hadi 8.8, na KH na GH kuanzia 10. Kama mchanga wako una chokaa unaweza kukuta umeshafika. Kama hujafika weka matumbawe yaliyosagwa kwenye kifuko cha wavu karibu na filta, yanayeyuka polepole. KH ikiwa chini sana, kijiko cha chai cha bekingi soda, gramu 6 hivi, kwenye lita 50 kinapandisha KH kama nyuzi 4. Bekingi soda, sio bekingi pauda, hivyo ni vitu viwili tofauti! Kiyeyushe kwanza pembeni, na ufanye haya sasa wakati hakuna samaki, maana pH ikiruka ghafla inawaumiza.

Kitu ambacho watu hawakioni: samaki anavumilia pH ya 8 iliyotulia kuliko 8.6 inayopanda na kushuka kila siku. Usiwe mtumwa wa namba.

## Hatua ya 5: Kukomaza tangi (hapa ndo wengi wanaanguka, wao na samaki wao)

Samaki anapumua na kunya amonia. Kundi moja la bakteria linageuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linageuza nitraiti kuwa nitreti ambayo sio mbaya sana na unaitoa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina bakteria hao. Maji yake yanang'aa na yanaua, kwa sababu amonia haina rangi.

Na kwa samaki hawa ni mbaya zaidi. Amonia kwenye maji inakaa kwa sura mbili, moja ni sumu kali na nyingine ni ya afadhali, na pH ndo inaamua mgawanyo. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.5 ni kama asilimia 15. Yani kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa rafiki yako kwenye maji ya kawaida amekivumilia, kwako kinaua. Ndo maana ushauri wa "mimi niliweka siku hiyo hiyo na hawakufa" usiufuate.

Fanya hivi:

1. Tia amonia kidogo kidogo hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Usizidishe 4, ukizidisha bakteria wenyewe wanakwama.
2. Acha filta na hita vikiwaka usiku na mchana. Bakteria wanataka hewa na joto.
3. Pima kila baada ya siku mbili, andika kwenye daftari. Siku za mwanzo hakuna kitakachobadilika na utaona kama unapoteza muda. Hupotezi.
4. Amonia ikianza kushuka utaona nitraiti inapanda. Kila amonia ikikaribia sifuri irudishe hadi 2.
5. Nitraiti inachukua muda mrefu zaidi kushuka, alafu ghafla siku moja unaamka ni sifuri.

Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Njia ya mkato halali ni moja, kuomba sponji iliyotumika kutoka kwenye tangi la mtu ambalo lina afya, ikae ndani ya tangi lako ikiwa bado mbichi, haikukauka njiani. Hapo unaweza kumaliza mapema sana, lakini bado pima.

Maji yakiwa na ukungu mweupe wiki ya kwanza usiogope wala usibadilishe maji, ni bakteria wanaongezeka, utaondoka wenyewe. KH ipime pia kipindi hiki, kazi ya bakteria inaila polepole, na ikiisha pH inaanguka na kila kitu kinasimama.

Ukifanya sawa: umeweka amonia 2, baada ya saa 24 amonia ni 0 na nitraiti ni 0, na ukirudia kesho yake jibu ni lile lile. Hapo badilisha zaidi ya nusu ya maji kupunguza nitreti, maji mapya yakiwa na joto, pH na ugumu wa yale ya zamani. Samaki wakichelewa endelea kulisha bakteria amonia kidogo, usiwaache na njaa.

## Hatua ya 6: Kuchagua na kuingiza samaki

Nunua multi wachanga 6 hadi 8. Wakiwa wadogo dume na jike wanafanana, kwa hiyo kundi linakupa uhakika wa kupata wote. Angalia tumbo lisiwe limeingia ndani, anapumua kwa utulivu, mapezi yamefunguka.

Usichanganye multi na Neolamprologus similis, ni wa karibu mno, wanaweza kuzaana ukabaki na machotara. Kama umeamua kuchukua Lamprologus ocellatus hatua zote ni hizi hizi ila kwenye tangi la saizi hii weka dume mmoja na jike mmoja au wawili, na makombe uyatenge mbali mbali, hawa kila mmoja anataka uwanja wake na atakung'ata kidole ukiingiza mkono. Samaki wa aina nyingine wa "kuchangamsha juu" mimi nakushauri uache, tangi ni dogo.

Siku ya kuwaingiza zima taa. Mfuko waliokuja nao uache uelee juu ya maji dakika 15, kisha wahamishie kwenye chombo na maji yao, uwaongezee maji ya tangi matone matone kwa saa nzima. Wachukue kwa wavu, maji ya mfuko yamwage chooni, usiyaingize kwenye tangi.

## Hatua ya 7: Siku za kwanza, usiguse

Watapotea. Utatazama tangi saa nzima huoni samaki hata mmoja na utashawishika kuinua kombe uangalie kama wako hai. Acha. Siku hiyo usiwape hata chakula.

Siku ya pili au ya tatu, kaa kimya mbele ya kioo. Utaona jicho kwanza, jicho la bluu kwenye mdomo wa kombe. Alafu kichwa. Alafu anatoka mzima, anachota mchanga mdomoni hadi mashavu yanavimba, anaogelea sentimita tatu, anautema, anarudi. Anaweza kufanya hivyo mchana kutwa, na jioni ukakuta kombe limeshuka kwenye shimo na jirani yake kamwagiwa mchanga mlangoni, ndo ugomvi unapoanzia. Ugomvi huo ni wa kufunguliana midomo na kufukuzana kidogo, ni kawaida.

Isiyo kawaida ni samaki anayekaa juu pembeni ya hita siku nzima, hana nyumba, ongeza makombe. Wote wakiwa juu wanahema, pima amonia na nitraiti dakika hiyo hiyo, na ukikuta kitu badilisha nusu ya maji.

## Hatua ya 8: Chakula na usafi

Chakula kidogo mara mbili kwa siku, kiishe ndani ya dakika mbili. Vidonge vidogo sana vinavyozama, artemia, dafnia (hao wawili ni vijidudu vya majini vya kulisha samaki). Midomo yao ni midogo, ukubwa wa chakula unazingatiwa kuliko aina. Kilichobaki kinaingia kwenye makombe na kuoza huko, na kule huwezi kufagia.

Kila wiki badilisha asilimia 20, lita 10 hivi. Chomoa hita kwanza! Kioo chake kikibaki nje ya maji kikiwa cha moto alafu ukamwagia maji, kinapasuka, niulize mimi. Mpira wa kunyonyea upitishe juu juu ya mchanga, usiuzamishe karibu na makombe. Sponji ikamue mara moja kwa mwezi kwenye ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi, ukiikamua bombani klorini inaua bakteria uliowasubiri wiki sita.

## Hatua ya 9: Watoto

Hutaona mayai, yako ndani. Utaona jike amekuwa mkali ghafla na hatoki mbali na kombe lake. Baada ya siku kumi hivi, au zaidi, chukua tochi usiku na utazame kwenye midomo ya makombe, kuna vitu kama mistari midogo yenye macho imejipanga mlangoni. Ukisogea wote wanarudi ndani kwa pamoja.

Usiwatoe. Multi wanaishi na watoto wao, vizazi kadhaa kwenye rundo moja la makombe, na wakubwa huwa hawawali. Wape artemia waliototolewa karibuni au chakula cha unga uliosagwa sana. Kuanzia hapo, kila ukitoa maji, kagua ndoo kwa tochi kabla ya kumwaga.

Miezi ikipita watajaa, na utahitaji kutoa baadhi. Wavu hautakusaidia, kila mmoja atazamia kombeni. Inua kombe lenyewe na samaki akiwa ndani, liweke kwenye jagi lenye maji ya tangi, mdomo wa kombe ukiwa umeinama chini, funika jagi kwa kitambaa uende ukafanye shughuli nyingine. Usilitikise wala usichokonoe na kijiti. Ukirudi baada ya saa moja kwa kawaida utamkuta yuko nje, kasimama pembeni ya kombe lake analilinda.